Kifaranga Nilichokataa Kukitemea Mate

Piyo, piyo, piyo.

Mpaka leo nikisikia kifaranga kinalia peke yake, bila mama yake, nasimama kwanza. Sauti ile ilitoka ndani ya kikapu cha shangazi yangu asubuhi moja ya kiangazi, mimi nikiwa nimejikunja kwenye mkeka nje ya nyumba yetu, katika kijiji kilichoko kati ya Kahama na Ushirombo. Jua lilinichoma miguu na bado nilikuwa natetemeka kwa baridi. Nikikohoa, kifaranga kinanyamaza. Nikinyamaza, kinaendelea. Tukawa kama watu wawili wanaopokezana zamu.

Naitwa Minza. Nimesoma mpaka kidato cha pili, na Mungu akipenda nitafungua mgahawa kando ya barabara ya malori yanayokwenda Rwanda. Utakuwa na mapazia ya kijani, na wali wangu hautakuwa na mawe hata moja. Nalisema hilo mapema ili ujue anayekuandikia ni mtu mzima wa afya na mwenye mipango. Naandika kwa ajili yako uliyekaa sasa hivi kwenye benchi la kliniki, barakoa usoni, ukidhani hakuna aliyewahi kuogopa kama unavyoogopa. Tupo wengi. Benchi hilo tumelikalia kabla yako na tumelilainisha.

Kikohozi changu kilianzia machimboni, upande wa Geita. Nilikuwa napika chakula karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Pale vumbi ndiyo hewa yenyewe, na kila mtu anakohoa. Mteja akifika anakohoa kwanza, ndipo anaagiza ugali. Ukikohoa usiku kucha, asubuhi wanakuambia, "Sasa umekuwa mwenyeji." Hilo ndilo kosa letu watu wa machimbo. Tumekizoea kikohozi mpaka tumekipa heshima ya kazi, kama fundi anavyojivunia sugu za mikono yake. Baba yangu alikuwa mchimbaji. Alikohoa, akakonda, akafa, na msibani watu wakasema kazi imemchosha.

Nami nikaanza kukonda vilevile. Pete yangu ya urembo iliteleza kidoleni nikisonga ugali, nisijue. Mchimbaji mmoja akaikuta kwenye sahani yake, akasimama juu ya benchi akatangaza, "Jamani, leo nimetoa mali bila kushuka shimoni." Tulicheka sana. Nikacheka mpaka nikakohoa, nikaziba mdomo kwa kiganja, na nilipokifungua kiganja niliona damu. Nikakifumba haraka kama mtu aliyeiba. Wiki hiyohiyo nikarudi kwa mama.

Nesi wa zahanati yetu alinisikiliza kifua, akasema niende hospitali ya wilaya nikapime makohozi. Nikamwambia sawa. Nikarudi nyumbani, nikalala kwenye mkeka, sikwenda. Usinicheke. Sikuwa naogopa ugonjwa peke yake, niliogopa jina lake. Maadamu hauna jina, nilikuwa naweza kusema ni vumbi.

Ndipo akaja shangazi na kikapu chake.

Shangazi ni dada wa baba. Ni mjane, mrefu, anatembea kama anayefuata ng'ombe hata kama hakuna ng'ombe mbele yake. Nikamsalimia kutoka pale chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, ng'wanawane," akajibu. Ndivyo Wasukuma tunavyosema "mwanangu." Akaniangalia. "Umebaki macho tu."

Akakitoa kifaranga kikapuni, kidogo, cha kahawia, na kichwa chake kikichungulia kati ya vidole vyake. "Mfungue mdomo, mtemee mate. Kesho alfajiri nampeleka."

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu, mgonjwa akishindwa kutembea si lazima afike kwa mganga. Anatema mate mdomoni mwa kifaranga, ndugu yake anakipeleka, mganga anakipasua na kukisoma ndani: ni nani amekasirika, ni mzimu wa upande gani, ni jirani yupi ana kinyongo. Kifaranga kinakwenda kwa niaba yako. Wapo watu wema wengi waliolelewa hivyo, na shangazi yangu ni mmoja wao.

Mama akatoka jikoni akifuta mikono. Mama ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, na nyumbani kwetu rozari imetundikwa mahali ambapo wengine wanatundika kalenda.

"Wifi," akasema, "humu tunasali."

"Salini. Nani kawakataza? Mimi nimeleta kuku, sijaleta ngumi."

Wakasimama wawili hao, mmoja na mwiko, mwingine na kifaranga, na mimi katikati yao kama mpaka wa shamba. Wote wawili walikuwa wanaogopa nife. Niliona hilo wazi, na liliniumiza kuliko kifua.

"Shangazi," nikasema, "niachie kwanza. Nataka kuuliza."

"Umuulize nani?"

"Mungu."

"Na akichelewa kujibu?"

"Basi kuku atakuwa amekua, utapata nyama zaidi."

Hakutaka kucheka, lakini bega lake lilicheka. Akakiweka kifaranga kwenye boksi la sabuni karibu na mkeka wangu, akaondoka bila kuaga.

Nikaanza kusali. Zamani nilikuwa nasali kama ninavyoagiza bidhaa: nipe hiki, nipe kile, amina. Safari hii sikuwa na nguvu ya kuagiza. Nilisema tu, "Baba, sijui niende wapi. Nionyeshe." Mama aliniambia Mungu husema kwa ndoto, kwa hiyo nikawa nalala mapema kama anayewahi basi. Niliota mkungu wa ndizi mbichi. Basi, ndizi tu, hazisemi kitu. Nikamuuliza mama maana yake, naye akafikiri kwa uzito mkubwa, akasema, "Maana yake hujala."

Siku zikapita. Shangazi akawa anapita kwa mbali barabarani, anachungulia, anaendelea. Na kifaranga kikawa rafiki yangu. Kilikuwa kinapanda juu ya tumbo langu na kusinzia, na nikikohoa kinayumba kama abiria, kisha kinarudi kulala. Mtu anayejiona mzigo kwa kila mtu, hebu fikiria ladha ya kulaliwa na kiumbe kinachokuamini.

Asubuhi moja kikaamka na jicho limevimba, limefumba kabisa, hakitaki pumba wala maji. Hapo ndipo mimi, niliyekuwa nabebwa kwenda bafuni, niliinuka mwenyewe. Nilishika ukuta mpaka mlangoni, nikamwita mama, nikamwambia aende dukani haraka akanunue dawa ya kuku, ile ya unga inayochanganywa na maji. Akaenda. Aliporudi nayo nikakichukua kifaranga mapajani, nikawa nakidondoshea dawa mdomoni tone kwa tone, huku nakibembeleza.

"Kunywa. Ni dawa tu. Uumwe mpaka ufe na dawa ipo dukani?"

Nikajisikia mwenyewe nikisema. Mkono ukabaki hewani na tone likaning'inia kidoleni.

Hakukuwa na radi wala sauti kutoka mbinguni. Mama alikuwa anapepeta mchele, jirani anamfokea mbuzi wake. Lakini nilijua nimejibiwa. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote ni nani aliyekiroga kifaranga. Nilikuwa nimekitafutia dawa, tena mbio. Mungu alikuwa amengoja mpaka nijibu swali langu kwa mdomo wangu. Nikacheka peke yangu, machozi yakinitoka. "Nimesikia," nikamwambia. Kisha nikamwambia mama, "Kesho twende tukapime."

Shangazi aliposikia alikuja pia, kwa hasira, ati kutusindikiza tu. Tukakaa kwenye benchi la kliniki ya kifua ya hospitali ya wilaya, nje, upepo unapopita, watu wote na barakoa na macho ya kuhesabu mbavu zao. Jirani yangu alikuwa mzee wa machimboni ambaye alikuwa anakohoa na kuomba radhi kwa kila mtu kila anapokohoa. Nikamweleza habari za mgahawa wangu, akaagiza kabisa sahani yake ya kwanza: wali na samaki wa kukaanga, pilipili kando. Ndivyo tulivyousukuma muda.

Nesi wa kliniki alikuwa mama mnene, mcheshi, sauti kama ya mwalimu wa zamu. Akanipa kikopo. Nikatema. Akatazama, akatikisa kichwa.

"Haya ni mate, dada. Mate peleka kwa mchumba. Mimi nataka kitu cha ndani. Nenda kule nyuma, kohoa kama unamfukuza mbuzi shambani."

Nikaenda nikamfukuza mbuzi. Nilipokuwa narudi na kikopo nilimwona shangazi anakitazama kile kikopo, na nikajua anachofikiri: kwamba nimetoa cha ndani yangu kisomwe, kama alivyotaka, ila na wasomaji wengine.

Jibu lilitoka: kifua kikuu. Nesi akalitaja jina lenyewe kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya nyanya, kisha akaongeza, "Na kinapona, ukimeza dawa kila siku bila kuruka." Ajabu ni kwamba lile jina nililolikimbia, lilipofika, lilikuwa dogo kuliko woga wake. Nikapumua. Nesi akauliza, "Nani atamsimamia kumeza?"

Mama akainamisha kichwa. Yeye huondoka alfajiri kwenda kwenye majaruba ya mpunga na vibarua vya watu, na asipoondoka hatuli.

"Mimi," akasema shangazi.

Tukageuka wote.

"Bibi, ni kila siku," nesi akamwambia. "Hakuna kupumzika."

"Nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Ng'ombe hawana Jumapili."

Njiani nikamuuliza, "Na kifaranga, shangazi?"

"Kitangoja," akasema. "Na mimi nangoja."

Nikudanganye kwamba mwanzo ulikuwa mwepesi? Haukuwa. Vidonge ni vikubwa. Mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa, nikapiga kelele chooni mama akadhani nyoka. Magoti yaliuma kama ya bibi kizee. Kila asubuhi shangazi alikuwa anafika kabla umande haujakauka, amebeba uji wa karanga, anasimama mbele yangu.

"Meza."

Nameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Anainama na kuchungulia mdomoni mwangu, jicho moja amelifumba, kama wanavyochungulia mdomo wa kuku.

"Unaona nini, shangazi?" nikamuuliza siku moja. "Nani kanikasirikia?"

"Naona hujapiga mswaki. Funga."

Nyumbani yalikuwepo ya kuuma pia. Nesi alisema madirisha yafunguliwe, na kwamba vyombo havina shida. Madirisha mama aliyafungua. Lakini kikombe changu cha bati, chenye ua la bluu, alikifunga uzi mwekundu kwenye kishikio chake, akakitundika kwenye msumari wa peke yake, mbali na vingine. Kila nikinywa chai ule uzi ulikuwa unanigusa kidole. Marafiki walinisalimia kutoka barabarani. Siku nilipoona nimesahaulika kabisa, kwaya yangu ilikuja ikasimama nje ya ua wa minyaa, ikaimba nyimbo zote tulizowahi kuzikosea. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza. Sikuweza kuimba, nikapiga makofi. Kifaranga, ambacho sasa kilikuwa kimeota manyoya ya mabawa, kikakimbia chini ya kitanda.

Kiangazi kikaisha. Njaa ikarudi, nikawa nakula kama mchimbaji aliyepandisha mfuko wa mawe ya dhahabu. Mvua za kwanza zikanyesha, harufu ya udongo ikaingia madirishani, nikaanza kuamini. Ndipo nikaenda kupima tena, na jibu likasema wadudu bado wapo.

Nesi safari hii hakutania. Alisema watapeleka makohozi mengine yakachunguzwe, kuona kama dawa zangu zina nguvu juu ya ugonjwa huu au hazina. Wakati tunangoja, niendelee kumeza. Kama hazina, itabidi dawa nyingine, ndefu zaidi, kali zaidi. "Usikate tamaa," akasema, na kwa jinsi alivyolisema nikajua wapo waliokata.

Hicho ndicho kipindi ninachotaka ukijue hasa, kwa sababu mwanzo mtu anaogopa kwa kutojua, lakini hapa niliogopa nikijua. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa. Nilikuwa nimeuliza na kujibiwa. Nikamwambia Mungu, "Kwani sikukusikia vizuri?" Akanyamaza. Usiku mvua ilikuwa inapiga bati na mimi natafuta neno la kusali silipati. Mwisho nikaacha kuomba nipone. Niliomba tu nijue cha kufanya asubuhi. Ya asubuhi tu. Ukiwa na hofu kubwa, ndugu yangu, usimwombe taa ya barabara nzima. Omba ya kufikia mlangoni.

Asubuhi hiyo mama hakwenda kwenye majaruba. Alikuwa amekaa kizingitini, rozari mapajani, hajaigusa. Shangazi alipofika na uji, mama alisimama. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Wifi," akasema, "mchukue kuku."

Sikuamini masikio yangu. Mama akaingia ndani, akatoka amemshika mabawa mtetea wangu, kile kifaranga kilichokua. "Mchukue. Minza atamtemea. Nenda naye popote unapojua. Nimesali mpaka magoti yameota sugu. Baba yake nilimsalia hivihivi, nikamzika. Sitamzika na huyu."

Kuku alikuwa analia. Mimi nikawa namtazama mama, yule aliyenifundisha Baba Yetu kabla sijajua kufunga kamba za viatu, nikaona anaanguka amesimama. Sala yangu ilikuwa fupi kuliko zote maishani: "Sasa je?"

Shangazi akaweka uji chini polepole. Akamchukua kuku kutoka mikononi mwa mama.

Kisha akamwachia. Kuku akakimbilia chini ya mti wa mpapai akaanza kuparua.

"Kuku huyu haendi," shangazi akasema.

"Wifi, wewe ndiye uliyemleta."

"Ndiyo, mimi. Na wa kaka yangu nilimpeleka mimi, kwa miguu hii. Yule kuku alisema kila kitu, wifi. Alimtaja babu, akataja jirani, akataja shamba. Kikohozi hakukitaja." Akavuta pumzi. "Huyu mtoto nimemchungulia mwenyewe kila asubuhi. Sihitaji kuku aniambie. Alipoanza alikuwa anazungusha kanga mara mbili, sasa inafika mara moja na inambana. Zamani alikuwa ananijibu kwa macho, sasa anajibu kwa mdomo mpaka ananichosha. Huyu anapona. Anapona polepole kama ng'ombe aliyekosa malisho, lakini anapona. Wewe ndiye mwenye Mungu hapa. Rudi ukasali, mimi nimesimamia dawa."

Mama akakaa chini palepale kwenye tope. Shangazi akamwinua, akamshikisha rozari yake kama unavyomshikisha mtoto kijiko. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe unatazama nini? Meza. Fungua mdomo."

Nikameza. Nilikuwa nalia na kucheka, vidonge vikapita vyenyewe. Nilikuwa nimeuliza cha kufanya asubuhi, na jibu lilikuja kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kanisani mpaka mwisho wa ibada. Tangu siku hiyo sichagui mdomo ambao Mungu atautumia.

Majibu yalipokuja yalisema dawa zina nguvu, ila mwili wangu ulichelewa tu. Nikaendelea. Mahindi yakatoa mbelewele. Mpunga ukapandikizwa, ukasimama, majaruba yakawa kijani mpaka macho yanauma. Mtetea wangu akaanza kutaga, yai la kwanza dogo kama la njiwa, na shangazi akalikaanga akanilisha lote, akisema kuku huyu ana deni nami, nami nina deni naye.

Siku ya kipimo cha mwisho tulikwenda wote watatu. Nesi alitoka na karatasi, akaivua barakoa yake hapo nje kwenye upepo ili nimwone anavyotabasamu. "Dada wa mbuzi," akasema, "umepona." Mama akapiga magoti kwenye changarawe. Shangazi akamuuliza nesi kama ana uhakika. Alipoambiwa ndiyo, akaniambia nifungue mdomo, akachungulia kwa mara ya mwisho, akasema, "Sawa."

Jioni nyumba ilijaa. Kwaya ilikuja na safari hii iliingia ndani ya ua, nikaimba sauti ya kwanza, pumzi ikanifikisha mwisho wa mstari na ikabaki. Shangazi alicheza na uzee wake wote. Aliyependekeza kuku achinjwe kwa sherehe alitazamwa mpaka akaomba samahani. Tulikula wali na maharage, na kuku akazunguka miguuni mwa wageni akiokota punje.

Walipokuwa bado wanaimba, nikazunguka nyuma ya nyumba peke yangu. Nikakitoa kikombe changu kwenye ule msumari wa pembeni. Fundo la uzi lilikuwa limekaza kwa kuoshwa miezi yote hiyo, vidole havikuliweza, nikalifungua kwa meno. Nikakisugua kikombe kwa majivu, ndani na nje, mpaka ua la bluu likang'aa. Nikakisuuza. Kisha nikasogeza vya mama na vya wageni, nikakitundika katikati ya vingine.